Pembe ya Mfongo wa Orio

Juu ya mlango wa nyumba ya Ndelilio, kule Mbokomu mlimani, upande wa ndani, ilitundikwa pembe ya tandala iliyokuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Haikuwa pembe ya ngoma wala ya vita. Ilikuwa pembe ya mfongo, yaani ule mfereji uliotoa maji korongoni karibu na msitu, ukayapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mfongo ule ulichimbwa na Orio, babu yake Ndelilio, pamoja na wenzake, na jina la Orio ndilo lililobaki.

Pembe ile ililia alfajiri. Aliyeisikia, kama hakuwa mgonjwa na hakuwa na maiti ndani, alibeba jembe akapanda. Hakuuliza ni nini kimeharibika wala nani mwingine anakwenda. Kazi hiyo waliiita msaragambo, na ikiisha walishuka kwa mwenye pembe wakanywa mbege, pombe yao ya ndizi, wakataniana, wakaenda zao. Kulikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, mwanamke hakukanyaga kwenye kinywa cha mfongo, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. La pili, pembe ikishalia hairudi ukutani mpaka watu wawe wamefanya kazi. Mtu leo akisimuliwa haya anacheka. Acha acheke. Watu wale walikuwa na maji.

Ndelilio alirithi pembe angali kijana, na huenda hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu moyo wake haukuwa mlimani. Alipenda chuma. Tangu alipoliona gari moshi kwa mara ya kwanza likiingia Moshi kutoka Voi, likitoa mvuke pembeni kama ng'ombe wakati wa baridi, alitafuta kila sababu ya kushuka mjini. Hatimaye akaandikwa kazi relini, na kwa kuwa alikuwa na sauti na watu walimsikia, akafanywa mnyapara.

Mwaka mmoja kabla ya wale nzige wakubwa waliovamia nchi nzima, njia ya reli ilipokuwa inapelekwa Arusha, iliamuliwa kwamba stesheni ya Moshi ijengewe meza ya kugeuzia injini. Injini ya wakati ule ilikuwa na mbele na nyuma, na ikifika lazima igeuzwe ndipo irudi ilikotoka. Meza yenyewe ni daraja fupi la chuma lililolala juu ya shimo la duara. Katikati daraja hukaa juu ya nguzo fupi ya zege, na ncha zake huzunguka juu ya reli iliyopindwa kufuata ukuta wa shimo. Ikiwa sawasawa, injini nzima husukumwa na watu wawili kwa mikono. Ikiinama kidogo tu upande mmoja, watu hamsini hawaiwezi.

Mahali palipochaguliwa palikuwa pabaya, lakini hapakuwa na pengine, kwa sababu reli zilikuwa zimekwisha kulazwa. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye maji ya chini kwa chini yanayotoka mlimani. Msimamizi, Kalasinga mmoja aliyeitwa Harnamu, alichimba, akamwaga zege, akangoja likauke. Mikidadi, fundi mwashi wa mjini, ambaye mama yake alikuwa Mpare na baba yake alikuwa wa Pangani kila alipotaka kujisifu, aliweka chungwa juu ya ukuta mpya. Chungwa likabingirika lenyewe, likatumbukia shimoni.

"Limekwenda kunywa maji," alisema Mikidadi. "Ndelilio, ardhi yenu hii haina adabu. Unaipa zege, inameza. Kama nyie na mbege."

"Ardhi ya hapa ni yenu, watu wa mjini," alijibu Ndelilio. "Yetu iko juu, na haijameza kitu."

Harnamu hakucheka. Alilizunguka shimo mara moja, akashika ndevu zake, akasema, "Vunja."

Wakavunja. Safari hii wakachimba zaidi, mpaka chini ya ule udongo mweusi wakagusa changarawe ngumu. Mpango ulikuwa ni kujaza mawe makubwa ya mtoni juu ya ile changarawe, yapangwe kwa mkono, jiwe likumbatiane na jiwe, kisha zege lije juu yake. Lakini kazi hiyo ilitaka ifanywe kwa mkupuo mmoja, kwa sababu maji yaliingia shimoni muda wote na kuta zilikuwa zinaporomoka. Na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Wakiwa katika hali hiyo, vibarua karibu wote wakahamishwa kwenda upande wa Sanya, kwenye njia mpya. Ndelilio akabaki na watu wachache, pampu moja ya mkono, na shimo linalojaa.

"Mvua ikituwahi," alisema Harnamu, "shimo hili litakwisha, na mimi na wewe tutakwisha pamoja nalo. Unajua mahali pa kupata watu?"

Ndelilio alitazama mlimani. Alijua.

Jioni ile alipanda Mbokomu. Mkewe, Aikande, alimwona akiitoa pembe ukutani, akauliza, "Mfongo umevunjika wapi?"

"Haujavunjika."

"Basi hiyo pembe unaipeleka wapi, Baba Eliona?"

"Ni kazi ya siku moja tu, Mama Eliona. Wataelewa."

Alfajiri pembe ikalia. Wanaume wakatoka migombani na majembe mabegani, wakapanda mpaka mahali walipozoea kukutana. Ndelilio akawaambia kweli. Hakuwadanganya, na hilo alikuwa akilirudia hata uzeeni, kana kwamba lingemsaidia. Aliwaambia mfongo ni mzima, lakini kuna shimo la reli mjini ambalo linataka mikono, na kwamba likiporomoka yeye ataaibika.

Yoramu, jirani yake aliyetahiriwa naye siku moja, ndiye aliyesema.

"Umepuliza pembe ya Orio kwa ajili ya shimo la Kalasinga?"

"Nimeipuliza kwa ajili yangu, Yoramu."

"Ungekuja kunigongea mlango ukaniambia, ningekwenda vilevile." Yoramu alitema mate kando. "Lakini imekwisha kulia. Haiwezi kurudi hivihivi. Twendeni."

Wakashuka. Watu wa mjini waliokumbuka siku ile walikuwa wachache, na sasa hawapo. Wanaume wa mlimani waliingia stesheni wakiimba nyimbo za mfongo, wakavua mashuka yao, wakajipanga mistari kutoka lilipo rundo la mawe mpaka chini shimoni. Jiwe lilipita mkono kwa mkono. Wengine walichota maji bila kupumzika. Wazee wawili walisimama chini kabisa, matope kiunoni, wakipanga mawe kama walivyozoea kupanga kingo za mfongo, na Mikidadi akafuata nyuma yao na chokaa yake akilalamika kwamba wanamharakisha.

"Hawa wana deni na nani?" Mikidadi alimuuliza Ndelilio. "Mbona wanafanya kazi kama nyumba zao zinaungua?"

"Hawana deni na mtu."

"Basi nitafutie na mimi mlima wa kuzaliwa."

Jua lilipokaribia kuzama mawe yalikuwa yamefika juu na maji yalikuwa chini yake. Harnamu alipanda juu ya mawe yale akaruka, mtu mzima na kilemba chake, akaruka tena. Hayakutikisika. Akamshika Ndelilio mkono.

"Nitachinja mbuzi," alisema. "Wote wale, washibe. Na mimi nitakaa nao nile."

Hapo ndipo Ndelilio alipofanya jambo ambalo lilimla maisha yake yote. Alisema, "Mbuzi hapana. Walipe. Vibarua wengine wanalipwa, na hawa si watumwa."

"Kwetu Punjabi kuna mifereji," alisema Harnamu. "Baba yangu alikuwa anachimba na kijiji chake. Nisikilize, mnyapara. Leo watu hawa wamekuja kwa ajili yako. Nikiwalipa, watakuwa wamekuja kwa ajili yangu."

Ndelilio aliona huo ni ubahili tu uliovishwa maneno mazuri. Alikuwa amewaona Wahindi wengi wa madukani, naye akawaweka wote kapu moja. Akashikilia. Alisema kwa sauti, ili watu wake wasikie kwamba anawatetea, na wakasikia. Harnamu akainua mabega, akaita karani. Watu wakasimama mstari, kila mmoja akapokea ujira wa kibarua wa siku moja, wakapanda mlimani gizani. Safari ya kurudi hawakuimba. Ndelilio alidhani ni uchovu.

Nyumbani Aikande alikuwa ametayarisha mbege, maana pembe ilikuwa imelia. Walikuja wachache. Wengine walipitia madukani.

Masika yale yalikuwa makali. Meza ya kugeuzia injini ilisimama katikati ya mvua bila kutikisika, lakini mlimani ukingo wa mfongo ukaporomoka, si mbali na kinywa chake. Ndelilio akaomba ruhusa, akapanda, akaitoa pembe. Alfajiri ikalia.

Walikuja wote. Walisimama ukingoni, majembe mabegani, wakatazama mahali palipobomoka, na hakuna aliyeshuka.

"Ndelilio," alisema Yoramu, "leo analipa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Mmoja nyuma akacheka.

"Huu ni mfongo wako, Yoramu. Migomba yako inakunywa humu."

"Najua. Na kahawa yangu inapanda gari moshi pale Moshi, lakini tulipochimba kule tulilipwa. Ni wewe uliyesema tulipwe, ukasema sisi si watumwa. Jembe ni hili hili, na mgongo ni huu huu."

Orio angekuwa na jibu, au pengine Orio asingehitaji kujibu, kwa sababu wakati wake swali lenyewe halikuwapo. Ndelilio ndiye aliyelileta, akalipandisha mlima kwa mikono yake.

Walifanya kazi siku ile, shingo upande, kwa heshima ya lile sharti la pembe. Wakaziba kwa udongo na magogo pale palipotaka mawe, na kabla ya saa sita wakaondoka. Mwaka uliofuata walikuja nusu. Baadaye wenye kahawa nyingi wakawa wanawalipa watu wawaendee msaragambo, na aliyelipwa alichimba hatua zilizolingana na alichopewa, akatua jembe hata kama hatua moja mbele palikuwa pameziba. Kisha waliolipa wakadai maji zaidi kuliko wasiolipa. Watu waliokuwa wanazikana wakawa wanaviziana kwa mapanga pale maji yanapogawanywa.

Mfongo ulianza kufa kutoka mkiani. Kwanza vikakauka vihamba vya chini kabisa, kisha vya katikati. Yoramu, ambaye chake kilikuwa cha chini, aling'oa machipukizi ya migomba yake akahamia tambarare, upande wa Himo. Siku ya kuondoka alipita kuaga. Walikaa, wakanywa, wakazungumza habari za ng'ombe. Mlangoni Yoramu akainua macho akaitazama pembe.

"Ungenigongea mlango tu," alisema.

Ndelilio aliacha kazi ya reli. Watu walidhani amefukuzwa. Akawa anapanda peke yake na jembe, mwaka baada ya mwaka, kusafisha mfongo uliochimbwa na Orio na wenzake. Siku moja, akiwa kwenye kinywa cha mfongo amechoka, mchanga umemshinda, alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Aikande, amejifunga kanga kiunoni, na jembe mkononi.

"Mama Eliona, rudi. Hapa mwanamke hakanyagi."

"Na wanaume wako wapi, Baba Eliona?"

Akaingia majini. Walichimba pamoja mpaka maji yakapita, membamba kama kidole. Ndelilio hakumkataza tena, na walipokuwa wanashuka alitembea nyuma yake ili mkewe asimwone uso. Maji yale yalifika nyumbani kwao msimu mmoja tu.

Miaka ya mwisho ya Waingereza, Aikande akiwa amekwisha kuzikwa, Ndelilio alishuka Moshi kwa shughuli za kanisa, na miguu ikampeleka stesheni. Injini ilikuwa imepanda juu ya meza. Vijana wawili walikuwa wanaisukuma, mmoja anavuta sigara, na lile lichuma lote lilizunguka polepole kama mlango uliotiwa mafuta.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta mtu?"

"Marahaba. Namtafuta Mikidadi, fundi mwashi."

"Mikidadi alikufa, mzee. Zamani."

Akaomba kutazama shimoni. Wakamruhusu, maana alikuwa mzee. Akapiga magoti ukingoni, akapitisha mkono juu ya zege, akatafuta ufa. Alizunguka duara lote hivyo, mkono juu ya ukuta, na vijana wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Alitamani ukuta uwe umezama, hata unene wa kucha. Hapo angeweza kujiambia kwamba mambo yote huzama, juu na chini, na kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa.

Haukuwa umezama. Mawe yaliyopangwa na wale wazee wawili yalikuwa yamekaa vilevile kama jioni ile Harnamu aliporuka juu yake, katika tope lile lile, kwa maji yale yale yanayotoka mlimani. Ilikuwa kazi ya mwisho ya watu wa mfongo wa Orio kuifanya kwa moyo mmoja, na walikuwa wamelipwa.

Akajipangusa magoti, akawaaga vijana wale, akashika njia ya Mbokomu.