Firigo ya Baba na Maji Baridi ya Bibi

Enzi zetu pale mtaani Biryogo, maji baridi yaliombwa kwa adabu. Hukusimama mbele ya firigo iliyo wazi kama wanangu wanavyofanya leo, wakitazama ndani kama watu waliokwenda sinema, huku baridi yote ikiwamwagikia miguuni. Ulikuja na chupa yako imefungwa kitambaa shingoni ili isipotee kati ya chupa za wengine, ukamsalimu mwenye nyumba, ukauliza habari za wagonjwa na za watoto, ndipo ukasema, "Mama, iko nafasi?" Halafu ukaondoka, ukairudia jioni. Nayajua haya kwa sababu kwa majuma machache ya mwaka wa tisini na tatu nyumba hiyo ilikuwa yetu, na mlinzi wa mlango wa firigo nilikuwa mimi, Zaina, mwenye miaka kumi.

Habari hii nimeianza mara nyingi kwenye daftari, nikachana karatasi. Shule niliiacha darasa la tano, na sina hakika kama yote ninayokumbuka niliyaona mwenyewe au mengine nilisimuliwa na Mama. Nitaandika hivyo hivyo. Pale nisipojua nitasema sijui.

Baba alikuwa mpishi Kiyovu, mtaa wa matajiri, kwa familia moja ya Wazungu. Vita ilipoanza kule mpakani, mwaka wa tisini, walifunga masanduku kwa siku mbili wakaondoka. Siwalaumu, walikuwa na watoto wadogo. Walimwachia Baba barua ya kumsifu, masufuria manne, na firigo kuukuu ya mafuta ya taa iliyokuwa stoo chini ya magunia, imekufa tangu kabla Baba hajaajiriwa pale. Ilikuwa nyeupe zamani. Chini ilikuwa na tangi la mafuta na taa yenye utambi, na nyuma bomba la moshi lililopanda hadi juu. Kwangu mimi ilikuwa ajabu kwamba kitu kiwashwe moto ili kitoe baridi, na nasema kweli, mpaka leo sijaelewa sawasawa.

Ilikuja Biryogo kwa mkokoteni, wanaume wanne wakisukuma. Fundi Kasimu, mtengeneza redio, jirani yetu, alitoka nje na bisibisi sikioni akaizunguka.

"Baba Zaina, nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa hili jeneza la nini?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini niliona alivyoipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, shati la kazini.

Hakuileta kwa ajili ya maji ya kunywa. Aliileta kwa ajili ya Bibi, mama yake, aliyekuwa akiishi nasi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi Mama alimchoma sindano. Nesi alisema dawa ikae mahali pa baridi. Labda alisema na mengine, mimi sikuwepo. Umeme kwetu ulikuwa balbu moja, tena ya kuja na kuondoka, kwa hiyo kichupa cha dawa kilikaa ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa maji, pembeni ya kitanda cha Bibi. Kazi yangu ilikuwa kuulowesha mchanga nikitoka shule, kabla sijaruhusiwa kwenda kuruka kamba.

Baba alipata kazi nyingine jikoni hotelini, akawa na Jumapili tu. Jumapili zake zote ziliishia kwenye firigo. Aliisugua kutu kwa msasa. Mpira wa mlango ulikuwa umeoza, akakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu akaubandika pande zote nne. Bomba la moshi lilikuwa limejaa masizi, akalisafisha kwa waya na kitambaa hadi akatoka mweusi uso mzima, na Bibi akamwita "mkaa wangu". Mama alishona utambi kutokana na pindo la blanketi. Wakaiwasha. Ikatoa moshi nyumba nzima, sote tukakohoa, na ndani ilibaki vuguvugu kama chungu cha maharage. Baba akaitengeneza tena, akaiwasha tena. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Watoto wa siku hizi simu ikikwama dakika moja wanataka mpya. Nawacheka, lakini sijui kama mimi ningeweza Jumapili hizo zote.

Aliyejua dawa ya ugonjwa wake ni yule yule Fundi Kasimu. Lazima niseme hivyo, maana watu walimkumbuka kwa ule utani wa jeneza tu. Alikuja siku moja bila kuitwa, akaweka sikio nyuma ya firigo.

"Mzee, hii haikufa. Imelala tu."

"Inaamshwaje?"

"Pindua. Kichwa chini, miguu juu. Niliona kwa mapadri kule Bukavu. Iache hivyo mpaka kesho, halafu isimamishe, ipumzike siku nyingine nzima. Usiiwashe na haraka zako za jikoni."

"Unanichezea?"

"Wallahi sikuchezei. Mara ya kwanza nilikuchezea, sasa nakuheshimu."

Wakaipindua. Nakumbuka nilivyolala chini kifudifudi kuisikiliza. Ndani kulikuwa na kitu kinashuka polepole, glu, glu, kama mtu anayemeza maji kwa shida. Bibi aliambiwa akacheka hadi akajifuta macho. "Hata mimi nipindueni," alisema, "labda na mimi nitaamka."

Ilipokaa siku zake, wakaisimamisha. Sakafu yetu iliinama kuelekea mlangoni, na Fundi akasema firigo ya namna hii haitaki kuinama hata kidogo. Baba akaweka sahani ya maji juu yake, akawa anachomeka vipande vya mbao chini ya miguu hadi maji yakatulia sawa pande zote. Akawasha utambi, akaushusha kidogo kidogo hadi moto ukawa wa bluu. Jioni ile hakuna kilichotokea. Asubuhi Baba akafungua, akaingiza mkono pale juu, kwenye kijisanduku cha barafu, akautoa, akaushika uso wa Bibi kwa vidole vyake. Bibi alishtuka. Kisha akaushika ule mkono wa mwanawe akauzuia pale shavuni.

Dawa ya Bibi ikahama kutoka kwenye mtungi, ikawekwa rafu ya katikati. Baba akaniita. "Zaina, wewe ndiye mlinzi. Moto ukiwa wa njano, niite. Mlango usifunguliwe ovyo. Na dawa ya mama yangu ikae pale pale nilipoiweka." Mtungi akampa jirani.

Haukupita muda Ramadhani ikaingia. Mtaa wetu ulikuwa na Waislamu wengi, na habari ya barafu ilikuwa imeshazunguka. Wa kwanza alileta chupa ya maji. Wa pili akaleta juisi ya marakuja, yaani pasheni. Mama alisita, Bibi akamwambia kutoka kitandani, "Mtu amefunga tangu alfajiri, umrudishe na chupa yake? Pokea." Kwa hiyo tukapokea. Nakumbuka harufu ya uji wa ulezi na sambusa ikipanda ua baada ya ua, na sisi watoto tukikimbia kurudisha chupa zenye jasho kabla adhana haijaanza. Miezi hiyo watu walikuwa wameanza kuogopana, wazee walizima redio mgeni akiingia. Lakini chupa zilikuja za kila nyumba, na majirani Wakristo nao walileta, zikakaa zimegusana mle ndani. Sitaki kuipamba. Huenda watu walitaka tu kinywaji baridi.

Siku moja rafu ya katikati ikajaa. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake, mimi niko peke yangu, na sikuwa na pa kuiweka. Nikachukua kichupa cha Bibi, nikakipandisha juu, ndani ya kijisanduku cha barafu. Sikuona kosa. Kwetu mkubwa ndiye anayepewa kiti kizuri na kipande kizuri cha nyama, na pale juu ndipo palipokuwa na baridi kuliko kote. Nilifikiri nampa Bibi mahali pa heshima.

Asubuhi nilipokwenda kumchukulia Mama dawa, kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe.

Nilikisukumia kwapani, ndani ya gauni langu la shule la bluu, nikasimama ukutani nikihesabu. Kikayeyuka. Ndani vilibaki vipande vidogo vyeupe, kama maziwa yaliyokatika. Nikakitikisa sana hadi vikapungua, nikampelekea Mama. Alivuta dawa kwenye sindano bila kutazama mara mbili. Palikuwa na giza mle chumbani, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi, kwa nini asiniamini? Baadaye nikakirudisha rafu ya katikati. Sikusema. Niliogopa kunyang'anywa ule mlango. Nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi miaka yote hii, sikuipata.

Siku zilizofuata Bibi alianza kupenda maji. Alikunywa kikombe, akaomba kingine. Sisi tulifurahi. Tulidhani ni baridi ile inayomfurahisha, na tulishindana nani ampelekee. "Maji ya mwanangu," alikuwa akisema, akilamba midomo, "yanafika hadi kwenye mifupa." Baba akitoka kazini alimkuta na kikombe mkononi, akasimama mlangoni kumtazama, na sijawahi kumwona mtu akiwa amejaa furaha vile. Kumbe ilikuwa kiu ya ugonjwa. Ila hilo tulikuja kuambiwa baadaye.

Siku ya tano au ya sita, sina hakika, hakuamka vizuri. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wakambeba kwenda hospitali. Alikaa siku mbili, kisha wakamrudisha amefunikwa.

Daktari alimwambia Baba kwamba dawa ile iliharibika, haikuwa na nguvu. Hakumgombeza, Mama alisema aliongea taratibu kabisa. Lakini Baba alisikia neno moja tu, kwamba iliharibika. Alirudi kutoka makaburini, akaketi mbele ya firigo bila kuvua viatu.

"Haikutosha baridi," alisema.

Fundi Kasimu alikuwa pembeni yake. "Mzee, barafu niliiona kwa macho yangu."

"Ilikuwa inanidanganya. Mimi ni mpishi. Nani alinituma kujifanya fundi? Mama yangu alikuwa na mtungi wake, nikauondoa kwa mkono huu."

Akainama, akapuliza moto. Ulikuwa wa bluu safi kabisa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, maneno yakiwa kinywani, na nikayameza.

Baba hakuiwasha tena. Mama aliweka sahani ndani, na firigo ikawa kabati. Fundi Kasimu hakutania. Mimi nilijiambia nitasema nikikua kidogo, nikimaliza mwaka wa shule, Baba akicheka tena. Alianza kucheka kidogo mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, alitoka nyumbani na hakurudi, na wengi wa mtaa ule hawakurudi, na Fundi naye. Hayo wengine wameyaandika kunishinda. Sisi tuliobaki tulipopata njia ya kurudi, nyumba ilikuwa tupu. Firigo imechukuliwa, vipande vya mbao vya Baba viko pale pale sakafuni, vinne. Aliyeichukua simjui, wala sijui alikuwa na shida gani. Labda naye alikuwa na mgonjwa.

Miaka mingi baadaye nilimpeleka mtoto wangu wa kwanza kuchanjwa. Nesi alikuwa anamfundisha mwanafunzi wake, akamwambia kwamba kuna dawa hazitaki joto na hazitaki barafu pia, zikiganda zimekufa. Na akataja ya sukari. Nilikaa kwenye benchi hadi mtoto akaanza kulia. Kweli, inawezekana kile kichupa kilikuwa na kasoro tangu dukani. Inawezekana Bibi alikuwa amechoka tu, na mfungo aliojaribu kufunga kwa siri, kama Mama alivyokuja kuniambia, ulimmaliza. Nimeyapima yote hayo kwa haki, kwa upande wangu na dhidi yangu, na kila mara mizani inaangukia upande ule ule.

Sasa naishi Kimironko, mtaa mwingine wa jiji lile lile. Firigo yangu ni ya umeme, inanguruma kama paka, na hakuna jirani anayebisha na chupa yake. Kila mmoja ana yake, amejifungia nayo. Baridi imekuwa nyingi hadi haina maana. Wanangu wanaacha mlango wazi, nawafokea, wanasema Mama naye na firigo yake. Hawajui kwamba kuna wakati mtu mmoja aliitafuta baridi Jumapili hadi Jumapili, kwa msasa na mpira wa baiskeli na sahani ya maji, ili mama yake achomwe sindano nzuri.

Nikibaki peke yangu jikoni naweka kiganja pale juu, kwenye barafu, hadi kinauma. Baba, ungekuwa hai ningekuambia hivi, na ungenifanya utakavyo. Ulikuwa fundi. Firigo yako ilipona.