Tangazo la Fundi Khubaib

Bi Swafia hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Nilipopanga chumba katika ghorofa yake ya juu, mwaka wa tisini na tatu, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba ngazi hufagiliwa kuanzia juu kwenda chini, na la pili ni kwamba mpangaji aliyenitangulia hakulijua la kwanza. Nikafagia. Mimi ni Mejumaa, binti wa Matuga, mpiga pasi wa mashuka ya hoteli. Kazi yangu ilianza saa kumi jioni, kwa hiyo asubuhi na mchana nilikuwa mle ndani, na niliyoyaona ndiyo haya.

Nyumba iko kwenye kichochoro kinachotoka Ndia Kuu. Chini palikuwa na duka la mumewe, Khubaib, fundi wa redio, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima na kazi yake bila kusema neno. Maneno alimwachia mkewe, aliyekuwa nayo ya kuwatosha wawili. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa tisini na nne Khubaib alitengeneza mtambo mdogo wa kurushia matangazo, akautia ndani ya kopo la biskuti, akafunga antena kwenye mlingoti wa kuanikia nguo juu ya paa. Leseni hakuomba. Alisema serikali ina shughuli nyingi, hataki kuiongezea.

Ndivyo ilivyoanza redio yetu. Kila siku saa saba na nusu mchana, kwa nusu saa, Khubaib aliwasha kopo na Bi Swafia akasema. Alisoma nani amefariki na atazikwa wapi, nani anamwoza bintiye, mbuzi wa nani amepotea, na mfereji gani wa Mji wa Kale au Bondeni unatoa maji siku hiyo. Hilo la maji ndilo lililowafanya hata wasiompenda wamsikilize. Kati ya tangazo na tangazo aliweka kanda ya taarabu, na wimbo usiompendeza aliukata katikati bila kuomba radhi.

Matangazo yaliletwa kwa maandishi. Aliteremsha kikapu kwa kamba dirishani, watu wakatia vikaratasi vyao, naye akakivuta. Alisoma kilichoandikwa, hapunguzi wala haongezi. Na kwa tanzia aliweka sheria, kwa sababu yalimfika. Mwaka wa kwanza shemeji wa mtu alileta tangazo la kifo cha fundi cherehani wa Bondeni. Alikuwa amechanganya watu wawili wenye jina moja, na waliokwenda kuzika wakamkuta marehemu yuko kwenye cherehani yake, anashona suruali. Mji ulicheka mwezi mzima. Tangu hapo Bi Swafia hakusoma tanzia ila iliyoandikwa na ndugu wa damu. Si mke, si shemeji, si jirani. Watu walinung'unika, lakini waliifuata.

Khubaib alifariki mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na saba. Moyo ulisimama akiwa dukani, kabla ya saa sita mchana, na siku ile ile baada ya Laasiri akazikwa. Redio ilikuwa kimya.

Bi Swafia akakaa eda: miezi minne na siku kumi, asitoke nje ya nyumba. Nilidhani redio imekufa pamoja na mwenyewe. Siku ya nane akaniita, akanionyesha swichi mbili za kopo, akaniambia nikigusa isiyotakiwa nitaunguza mtambo, na nikiuunguza nihame. Taarabu aliiondoa, maana mjane hapigi nyimbo. Matangazo yalibaki, na aliyasoma kwa sauti yake ile ile ya ukali.

La mumewe hakulisoma. Siku ya pili nikamuuliza.

"Hakuna alolileta," akasema.

Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu, Jamaldin, mdogo wake Khubaib, muuza vitambaa Bondeni. Huyu hakuitaka redio ile hata nduguye akiwa hai. Kwake, sauti ya mke wa nduguye kusikiwa na kila mwanamume ilikuwa aibu, na kopo lisilo na leseni lilikuwa balaa linalongoja siku yake. Arusi ya bintiye mwenyewe aliitangaza kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Na Bi Swafia, badala ya kumtumia mtu, aliteremsha kikapu kila asubuhi, akakivuta, akapekua. Nilimwona anavyopekua. Alisoma wafu wa watu wote, na wake hakuwa na pa kumtia.

Wateja wa Khubaib nao walizidi kuja. Kingi, mlinzi wa ghala, alikuja kutoka Kaloleni na redio yake kwapani, akabisha mlango wa duka kwa muda mrefu, na ni mimi niliyeshuka kumwambia fundi amefariki. Niliporudi juu nilimwambia Bi Swafia aivunje sheria, si ni yake mwenyewe? Akaniuliza kama ngazi nimeshafagia. Nilikasirika sana, na hata leo nikikumbuka nakasirika kidogo.

Wiki ya tisa yakazuka mambo ya Feri, kule kivukoni. Dzoro, muuza mihogo ya kukaanga upande wa kisiwani, hakosi redio chini ya meza yake. Siku moja alikuwapo pale mtu mmoja wa Ndia Kuu, amerudi juzi kutoka Uarabuni baada ya miaka saba, habari ya kopo hana. Akasikia nyuma yake sauti ya Bi Swafia, anayoijua tangu utotoni, inasema mfereji wa Bondeni leo hautoi. Akageuka, akaona wanawake kumi na mabuibui yao. Hakungoja zaidi. Alirudi mjini akasema mjane wa Khubaib anatembea Feri na eda haijafika nusu. Aliapa amemsikia kwa masikio yake, na kwa hilo hakusema uwongo.

Jamaldin alifika kesho yake, saa saba mchana, koleo mkononi. Alitaka kujua shemeji yake jana alikuwa wapi. Nikamweleza habari ya Dzoro na redio yake, nikijizuia nisicheke. Yeye hakucheka. Alisema kama ni hivyo basi ni vibaya zaidi. Alikuwa ameshamuuliza maalimu wake juu ya mjane ambaye mwili wake umo ndani na sauti yake iko nje, na maalimu akamjibu kwamba yeye mwenyewe huisikiliza, kwa ajili ya maji. Jibu hilo halikumridhisha.

Bi Swafia alikuwa nyuma ya pazia la mlango, kwa kuwa katika eda hakumtokea shemeji yake. Jamaldin akasema naye akiwa ngazini.

"Shemegi, nimekuya kung'oa mlingoti. Nyumba hini ina jina lake."

"Ng'oa," akasema Bi Swafia. "Lakini kwanza niandikie tangazo la nduguyo. Siku sitini na tatu nangoja, na sina mwengine wa kuniandikia."

Jamaldin akaniangalia mimi, kama kwamba nitakanusha. Hakujua. Redio hana, kuuliza hakuuliza, na miezi yote hiyo alidhani nduguye alisomwa siku ile ile aliyokufa. Akakaa kwenye ngazi, akaomba kalamu. Alichukua muda mrefu kwa mtu aliyeandika mistari mitatu. Kisha akainyoosha karatasi kuelekea pazia.

"Tia kikapuni," sauti ikasema. "Kama wenzio."

Nilifikiri atalipuka. Alishuka, akatoka kichochoroni, akaitia karatasi yake juu ya ile ya mtu aliyepoteza funguo, nami nikavuta. Saa saba na nusu nikawasha kopo. Bi Swafia akasoma kilichoandikwa.

"Khubaib bin Athman, wa Ndia Kuu, amefariki Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa Mei. Ameacha nduguye Jamaldin na mkewe Swafia. Yeye ndiye fundi wa redio hii mnayoisikiliza."

Tanzia husomwa mara mbili. Mara ya pili alifika kwenye jina, akasimama, na mkono wake ukanipa karatasi. Mimi si ndugu wa damu, wala sauti yangu ya Matuga haikuzoeleka katika Mji wa Kale. Nikasoma. Nilipoinua macho dirishani nilimwona Jamaldin mbele ya redio ya duka la jirani, koleo amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, analia waziwazi mbele za watu.