Sinia Nililolikataa Jambiani

Mengi ya ujana yamenipotea, mwanangu, lakini siku moja haijanitoka. Nilikuwa nimekaa uani Kikwajuni, namnyonyesha kaka yako Salum, alipoingia mtu kutoka Jambiani kuniambia kuwa mama yangu amefariki. Kipindupindu. Kilikuwa kimepita nchi nyingi mpaka kikafika kwetu, na gari la afya lilikuwa likizunguka mitaani na kipaza sauti, watu wachemshe maji na wanawe mikono.

Nimeikumbuka kwa ajili ya swali lako la jana. Wifi yako, dada wa mumeo, kafiwa na mumewe Kizimkazi, korona imetanda, na wewe unaishi nyumba moja na baba yako mwenye sukari na mimi mwenye kifua kibovu. Umeniuliza uende au usiende, nami sikukujibu. Kaa basi unisikilize. Chai yako itapoa kidogo, haidhuru.

Mimi ndiye niliyekuwa binti pekee wa mama yangu, na kwetu binti ndiye anayemkosha mama yake akifa, kabla hajazikwa. Sikufikiri mara mbili. Nilimfunga Salum mgongoni, nikachukua kanga zangu, nikaelekea mlangoni. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa keshasimama pale. Alikuwa si msemaji, na akisema hupendi.

"Nipe mtoto," akaniambia.

"Bado ananyonya, mama."

"Nnajua ananyonya. Atakunywa uji na atalia. Wewe nenda kamkoshe mama yako, hiyo ni haki yake. Lakini nyumba ile usitie kitu mdomoni, hata maji. Ukirudi utakoga hapa uani, nguo ntazichemsha, ndo umguse mtoto."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Lakini ukirudi na maradhi utakuwa umetuletea sote, na huyu mdogo hata hakuulizwa."

Nilimchukia, nakwambia kweli. Nilimwona hana huruma, ananiwekea masharti siku ya kufiwa. Njia nzima nililia, kwa huzuni na kwa hasira.

Nilimkosha mama yangu. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa makumbi ya nazi aliyokuwa akisokotea kamba, nikasugua taratibu, haukutoka. Baada ya maziko majirani wakaleta chakula, wanawake tukakaa kuzunguka sinia la wali na mchuzi wa samaki. Wajua mwenyewe msiba wetu: ukikataa sinia ni kama umewaambia wenzio kuwa hamko pamoja. Nikasema sina hamu ya kula. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, akafinyanga tonge akaninyooshea mpaka midomoni. Mkono ule ndio uliomuuguza mama yangu tangu alipolala mpaka alipokata roho.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mamako angekulisha."

Nikageuza uso. Alilirudisha tonge kwenye sinia.

"Mji ushakuharibu," akasema.

Najua ungependa nikwambie kuwa waliokula waliugua na mimi nikasalimika, ili nionekane mwenye akili. Haikuwa hivyo. Hakuugua hata mmoja. Mama mdogo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea vizuri, akanitandikia mkeka, tukazungumza. Lakini chakula cha nyumbani kwangu hakukigusa mpaka anaingia kaburini. Linaniuma hilo hadi leo.

Hata hivyo, siku ile ingerudi ningegeuza uso tena. Sikujua tonge lile lina nini, na yeye hakujua. Nilichokijua ni kwamba nyumbani kuna mtoto ananingoja. Niliporudi nilikoga uani kama nilivyoambiwa, bibi yako akaniletea Salum, macho yamemvimba kwa kulia. Kisha akakaa kando yangu, akamlilia mama yangu pamoja nami. Ndipo nilipojua kuwa asubuhi ile alikuwa amejizuia.

Basi mwanangu, maradhi yale yaliingia kwa chakula na maji, haya yanaingia kwa pumzi, kwa hiyo usifuate masharti yangu ya zamani kama yalivyo. Fuata namna ya kulipima jambo. Kabla hujauliza unakwenda kwa nani, jiulize unarudi kwa nani. Ukienda, vaa barakoa, kaa nje chini ya turubai, chumba walichobanana usiingie, na ukirudi ulale chumba cha uani mpaka tujue u mzima. Ukiona huwezi kumkuta wifi yako analia ukajizuia kumkumbatia, na hilo si jambo dogo, basi usiende. Mpigie simu mlie pamoja, mpelekee mchele, umfuate maradhi yakitulia. Lolote utakalochagua, yupo atakayenuna. Na usingoje mwisho wa mambo ukuoneshe kuwa ulifanya sawa, maana huenda usioneshwe kamwe. Mimi sikuoneshwa.

Jingine ni hili. Salum alikuwa hajui kusema, ikabidi wengine wamsemee. Mimi na baba yako tunasema bado, labda kupita kiasi. Hatari utakayoileta humu ndani ni yetu pia, basi usituamulie kimyakimya, si kwa kutuhurumia wala kwa kutuficha. Tuulize. Mimi nimeshalipima jambo hili, nami naridhia uende. Baba yako yuko chumbani, kamuulize. Akikataa, usibishane naye. Vua buibui, ukae.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampe wifi yako subira. Akulinde ukienda, akutulize ukibaki, na wewe pia akujaalie uzee wenye watoto wanaokuja kukuuliza. Amin. Haya, nenda kwa baba yako.