Miwani ya Pili

Nakumbuka siku moja nilimgombeza mtu aliyekuwa ametoka kuniokoa roho. Nilikuwa nimelala chali ndani ya mtumbwi, nje kidogo ya Kilwa Kivinje, pua inanivuja damu, na neno la kwanza kunitoka lilikuwa kumuuliza Athumani kwa nini ananivuta nywele namna ile. Yeye alikuwa analia. Mimi, mwanangu, nilikuwa na hakika kabisa kwamba sijapatwa na lolote.

Athumani alikuwa mwenzangu wa kuzamia pweza. Kwao ni Kikole, watu wa mashamba, na kuogelea alijifunza akiwa ameshaota ndevu, kwa hiyo nilikuwa namtania kutwa kwamba arudi kwao akavune ufuta. Tulikuwa na miwani moja ya kuzamia, tuliyopewa na mjomba wangu Salehe. Mmoja akizama, mwenzake anabaki juu ameshika mtumbwi, kisha tunabadilishana. Tuliona ule ni ufukara tu. Shemeji yangu aliporudi kutoka Dar na kuniletea miwani ya pili, nilifurahi mno, maana sasa tungezama pamoja.

Acha kwanza nikueleze chini kukoje, kwani mpaka leo pananing'ang'ania akilini. Ukishuka kidogo tu masikio yanauma, nawe unabana pua na kusukuma hewa mpaka yafunguke. Ukizidi kwenda, miwani inakunyonya uso, inabidi uipulizie kwa pua. Kifua kinabanwa, moyo unapiga polepole na unausikia. Halafu kuna mahali, kwenye pima tano hivi, ambapo mwili unaacha kuelea. Hupigi tena miguu, mwili unashuka wenyewe. Nilikuwa najiuliza ni nani anayenivuta, na kusema kweli nilipapenda mahali pale kuliko pengine popote.

Siku hiyo nilikuwa na ujanja mpya niliofundishwa na vijana wa Kilwa Masoko. Kabla ya kuzama unahema harakaharaka, tena kwa muda mrefu, mpaka vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Wenyewe walisema hapo unajiwekea akiba ya pumzi. Na kweli, nilipofika chini sikuisikia kabisa ile hamu ya kupumua inayokufukuza urudi juu. Nilikaa mlangoni pa pango nikishindana na pweza mkubwa, sina wasiwasi wowote, mpaka nikamtoa. Nikaanza kupanda. Nakumbuka mwanga wa juu ukiongezeka, na baada ya hapo sikumbuki kitu.

Athumani naye alikuwa amezama upande wa pili wa mwamba. Bahati yangu ni kwamba miwani yake ilivuja, akapanda mapema kuimwaga maji. Alipoivaa tena na kutazama chini, aliniona nimebakiza kimo cha mtu mmoja tu kufika juu. Nilikuwa nimelegea, nimeshamwachia pweza, na nimeanza kushuka upya. Alinifuata akanidaka nywele, ndicho alichoweza kukishika.

Nilibisha njia nzima. Tulipofika nyumbani Athumani alimweleza mjomba kila kitu. Mjomba Salehe sikio lake la kulia lilikufa zamani, lilipasuka alipozamia na mafua, kwa hiyo ulilazimika kukaa kushoto kwake. Aliniketisha upande huo. Nilijiandaa kufokewa, lakini yeye akaanza kuniuliza maswali taratibu.

"Kiu ya pumzi ilikushika kule chini?"

"Hapana, mjomba."

"Na wakati unapanda?"

"Hapana. Nilikuwa mzima kabisa."

"Basi hicho ndicho kilichotaka kukuua," akasema. "Issa naye angenijibu hivyohivyo, kama angeweza kujibu."

Akanyoosha mkono, nikampa miwani mpya. "Mnadhani nilikosa ya pili? Nilikuwa nayo. Mimi na Issa tulizama pamoja. Nikapanda na pweza wawili, nikamwita aje aone. Nimeita sana, mwanangu. Kumbe yuko palepale chini ya mtumbwi, amelala mchangani na miwani usoni. Ile yake nilimpa mtu wa mbali aondoke nayo. Yangu nikawapa nyinyi, hiyo moja tu, ili mmoja wenu abaki juu atake asitake."

Issa nilimjua kwa jina tu. Lakini mwanawe mkubwa nilisoma naye chuoni, tukikaa mkeka mmoja, na kila Idi mjomba ndiye aliyemshonea kanzu. Sikuwahi kujua kwa nini. Nilimtazama Athumani, nikaona aibu ya yale maneno ya mtumbwini, nikamwomba radhi.

Miaka mingi baadaye nilimpeleka mke wangu kliniki Lindi. Badala ya kumsikiliza daktari juu ya ugonjwa wake, mimi nikamdaka kwa maswali ya kuzamia, hadi mke wangu akanuna. Daktari alisema hamu ya kupumua hailetwi na kuisha kwa hewa nzuri, huletwa na kujaa kwa hewa chafu. Ukihema harakaharaka unaitoa ile chafu, nzuri haiongezeki kwa kiasi cha maana, na mwili unakosa cha kukuonya. Tena kule chini uzito wa maji unayabana mapafu, na hewa kidogo iliyobaki inakutosha. Ukikaribia juu mbano unalegea, na ghafla haitoshi tena. Ndiyo maana watu huzimikia hapo, wakidhani wameshafika.

Leo kila kijana ana miwani yake na mapezi yake miguuni, nami sikwambii uitupe. Ninalokusihi, mwanangu, ni hili: usizame pasipo mtu aliye juu ambaye kazi yake ni kukutazama wewe tu. Usiondoe jicho kwa mwenzako hata kichwa chake kikitokeza, maana wapo wanaozimia wakiwa wameshavuta pumzi ya kwanza. Usihemeheme kujitafutia akiba isiyokuwepo. Pumzika juu kwa muda mrefu kuliko uliokaa chini, na ukiwa na mafua baki nyumbani. Zaidi ya yote usiuamini mwili wako unapokwambia uko salama, kwa sababu mimi wangu uliniambia hivyo mpaka dakika ya mwisho.

Mwenyezi Mungu akukunjulie kifua, akulindie masikio na macho yako, na kila upandapo akukutanishe na uso wa mtu anayekungoja. Amin.