Alifuata Kivuli, Akapanda Mpaka

Saa mbili asubuhi jua la Agosti limekwisha kuivuka migomba ya Biharwe, kando ya mji wa Mbarara, Uganda, na Mukandoli amepiga magoti nyuma ya nyumba ya watu, jembe dogo mkononi. Mbele yake umenyooka mstari wa mimea yenye majani marefu yaliyoinama kama pinde na mashina manene kama mkono wa mtu mzima. Aliipanda mwenyewe wiki iliyopita. Leo amekuja kuing'oa.

Jembe halijagusa udongo, sauti inatoka mlango wa jirani.

"Wewe mama. Hiyo usiguse."

Ni mzee Bainomugisha, dereva wa lori mstaafu. Amesimama kizingitini, mikono ameifumbata kifuani.

"Nasikia haukuipenda, mzee," Mukandoli anamjibu kwa Kiswahili cha Kongo. "Nimekuja kuitoa, maneno iishe."

"Wiki jana ilikuwa maua. Sasa ni mpaka. Ukitoa peke yako, umetoa mpaka. Ngoja mwenyekiti."

Mukandoli analaza jembe chini. Hajui afanye nini na mikono yake, basi anaanza kuokota majani makavu.

Ua wenyewe ni mdogo. Pikipiki nne zingeujaza. Uko kati ya milango ya nyuma ya nyumba mbili, hauna ukuta wala seng'enge. Aliitwa hapa na mwenye nyumba kuchagua mimea isiyohitaji mtu wa kuitunza. Sasa anatuhumiwa kuhamisha mpaka wa kiwanja, na Jumamosi baraza la kijiji litakaa juu ya jambo hilo. Likiona alitumwa naye kuiba ardhi, kesi itakwenda polisi, na mkimbizi mwenye kesi ya ardhi hapati tena kazi Biharwe, wala mjini Mbarara. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha watoto wake watatu na mume ambaye mgongo haumruhusu kulima.

Mukandoli ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa katika nyanda za juu za Kivu Kusini, kwa wafugaji, akaingia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2004. Hakuja na ufundi wa bustani. Aliupata kwa kushindwa: kila alichopanda mbele ya nyumba yake ya udongo kilikufa kiangazi. Maji ya bomba la pamoja yalikuwa ya kunywa na kupikia, na mtu aliyeonekana akiyamwagia maua angesemwa hadi kanisani.

"Nilijiuliza, ni nini inabakia wakati mutu hana maji ya kuipatia?" anasema. "Ile inabakia, ndiyo nilianza kutafuta."

Njia aliyoigundua haina siri. Hukata kipande cha mmea na kukitupa juu ya bati la nyumba, wiki nzima, bila udongo. Kinachoshuka kikiwa bado kigumu ndicho anachokipeleka mjini. Kilichonyauka huliwa na mbuzi wa jirani.

"Bati ndiyo inachagua," anasema. "Miye ninabeba tu."

Shubiri hupita mtihani huo bila shida. Mkonge mdogo wa madoa, ule wenye majani kama panga, hupita. Waridi halifiki popote. Mnyaa hupita, lakini hauuzi: utomvu wake mweupe hupofusha macho, na nyua za mjini zina watoto.

Wateja wake ni walimu, wauguzi na wenye maduka waliojenga nyumba ndogo katika vitongoji vya Kakoba, Nyamitanga na Biharwe. Kabla ya kupanda chochote, hukaa ndani ya ua tangu asubuhi hadi alasiri, akiangalia jua linaingilia wapi na maji ya paa yanamwagika wapi. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri huupa shubiri. Mahali paa linapodondoshea maji, mchaichai. Aina hazizidi tatu, na juu ya udongo huweka kokoto ili unyevu usikimbie. Kwa ua mmoja hulipwa shilingi elfu sitini, nauli na mimea vikiwa humo.

Peninah Kyomuhendo, mkunga mstaafu na mwenye nyumba hii ya Biharwe, alimkuta siku ya kwanza amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hafanyi kitu.

"Nilidhani nimeleta askari wa kulinda ukuta," anasema.

Peninah anakaa zaidi Kampala kwa binti yake kuliko Biharwe. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Panda kitu hakisumbui. Mimi sipo." Kisha akapanda basi. Hakusema ua wake unaishia wapi, na Mukandoli hakuuliza.

Kosa lilianzia hapo. Upande wa Bainomugisha, ukuta wa nyumba yake ulitupa kivuli kutwa nzima. Shubiri haipendi kivuli. Mukandoli alihitaji mmea unaovumilia kiu bila kudai jua, akachagua ule ambao watu wa Kilimanjaro wanauita isale. Kwao alikozaliwa, masale yalipandwa mbele ya kanisa, kwa uzuri tu. Huku, kama huko Kilimanjaro, yakipandwa kwa mstari kati ya watu wawili yanasema kitu kingine: ardhi yako inaishia hapa. Hupandwa majirani wote wawili wakiwepo, na hakuna anayeyang'oa peke yake.

"Kwetu mupaka ni muto, ao kilima," anasema Mukandoli. "Ng'ombe ikivuka, unaifwata, unasalimia bantu, unarudi nayo. Na Nakivale udongo ni wa serikali. Ni nani angenifundisha mambo ya mipaka?"

Mambo mawili zaidi yalimponza. Alipanda kwa kamba, ili mstari unyooke, kwa kuwa wateja hupenda mstari. Na hakutumia miche. Alitumia mashina makongwe aliyoyakata Oruchinga, makazi mengine ya wakimbizi, kwenye ua wa kanisa lililokuwa likipanuliwa, maana shina nene hubeba maji yake lenyewe na bati haliliwezi. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Bainomugisha alipofungua mlango wa nyuma aliona, hatua moja tu kutoka ukutani kwake, mpaka ulionyooka ambao kwa sura ulikuwa na umri wa miaka kumi.

Hatua moja si jambo la kucheka. Tangu Biharwe ianze kuhesabiwa kuwa mji, bei ya viwanja imepanda. Aliyemuuzia Peninah amekwisha kufa, na jiwe la alama kati ya viwanja hivyo viwili lilipotea mafundi walipokuwa wakijenga.

Ijumaa Peninah anarudi kutoka Kampala. Mukandoli anamngoja kwenye ngazi ya mlango, tayari kwa matusi. Matusi hayaji. Peninah anaufuata mstari wa masale hadi mwisho, anarudi, anaingia ndani, anatoka na vikombe viwili vya chai.

"Nyabo, mstari wako ni mzuri," anasema akikaa karibu naye. "Kesho wakiuliza, sema ni mimi nilikuonyesha. Yule aliniuzia alisema ploti inafika hapo."

"Ulinionesha, mama Peninah?"

"Nakuonyesha sasa."

Anaongeza kwamba kanisani kwake wako wanawake wanne wanaotaka nyua kama huu. Mukandoli anakunywa chai yake mpaka mwisho.

Hesabu yake haikuwa ngumu kuielewa. Akisema alionyeshwa, mwenye nyumba atakuwa nyuma yake na kazi zitaongezeka, lakini neno lake ndilo litakalokuwa ushahidi wa kumnyang'anya mzee hatua ya ardhi. Akisema hakuonyeshwa, atabaki katikati ya wenye ardhi wawili, yeye asiye na ardhi, bila mtu wa kumsimamia.

"Niliogopa bote babili," anasema, yaani wote wawili.

Jumamosi watu wanajaa kwenye kibaraza cha duka kwa kikao cha kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, askari mstaafu, anaamua kesi iendeshwe kwa Kiswahili badala ya Kinyankore. "Huyu mama asikie kesi yake na masikio yake," anasema.

Bainomugisha anapewa nafasi ya kwanza.

"Mimi nimeendesha lori miaka mingi. Nimeona mwizi ya mafuta, mwizi ya mbuzi, mwizi ya matoke. Lakini mwizi anakuja mchana, na kamba, anaimba nyimbo ya kanisa, huyu ni wa kwanza."

Watu wanacheka. Mukandoli hacheki, ingawa ni kweli kwamba aliimba.

"Mama," mwenyekiti anamgeukia, "nani alikuonyesha mahali ya kupanda?"

Peninah anafungua mkoba wake na kutafuta kitu ndani. Anaendelea kukitafuta. Mwenye duka anaacha kupanga sabuni.

"Hakuna mutu alinionesha," anasema Mukandoli. "Nilifwata kivuli."

Mkoba wa Peninah unafungwa.

"Kivuli ya nani?"

"Ya nyumba ya mzee. Hii mumea ukiiweka kwa jua kali, majani inaungua. Pale fasi kivuli iliishia, na miye niliishia pale."

Bainomugisha anasimama bila kuombwa.

"Kivuli gani? Mwezi ya kumi na mbili jua linakuja huku nyuma, linapiga ukuta yangu mpaka usiku. Mke wangu anaanika mtama hapo. Sasa mpaka nao utahama na kivuli?"

Kicheko kinakuwa kikubwa zaidi. Mwenyekiti hacheki. Anamtazama Mukandoli, ambaye uso wake umebadilika.

"Desemba hakuna kivuli pale?" anauliza Mukandoli, akimuuliza mzee, si baraza.

"Hata ya kuku kulala."

"Basi ingeungua yote," anasema polepole. "Niliangalia siku moja, mwezi wa nane. Sikujua."

Mwenyekiti anawaamuru wote waende wakaone. Nyuma ya nyumba, Bainomugisha anachora kwa kisigino mahali jua la Desemba linapofika. Alama yake inaupita mstari wa masale na kufika chini ya ukuta wake. Mpanda bustani aliyejisifia kuchagua mimea isiyokufa alikuwa amepanda mstari mzima mahali ambapo majani yangebabuka kabla ya Krismasi.

"Mtu anatumwa kuiba ardhi," anasema mwenyekiti, "hapandi mpaka ya kuungua. Huyu hakutumwa. Huyu hakujua."

Uamuzi unasomwa palepale. Mstari huo si mpaka. Utang'olewa na watu watatu kwa pamoja, mwenye nyumba, jirani na aliyepanda, mbele ya kijiji. Mpaka wa kweli utatafutwa na mpimaji, kwa gharama ya majirani wote wawili. Na tangu siku hiyo Mukandoli haruhusiwi kupanda kitu chochote kijijini bila watu wa pande zote za ua kuitwa.

Wanashika shina la kwanza, mikono sita. Peninah anashika kwa ncha za vidole. Bainomugisha anavuta, ananguruma, anavuta tena.

"Umepanda kweli," anasema. "Haitoki."

Linapotoka, udongo unawarukia wote watatu.

Peninah alilipa elfu sitini zote, akazihesabu bila kumtazama, akarudi Kampala. Wale wanawake wanne wa kanisani hawakupiga simu. Mteja mwingine wa Biharwe alighairi aliposikia kwamba lazima jirani aitwe. Alisema hawazungumzi naye. Kwa miezi miwili Mukandoli alipata nyua mbili tu, zote za Kakoba.

Lakini amebadilisha namna ya kufanya kazi, na si yote aliyolazimishwa na baraza. Bado anakaa juu ya ndoo yake na kuangalia ukuta. Kisha anafanya lile ambalo hakulifanya Biharwe: anabisha mlango wa jirani, anamwomba atoke, anamuuliza jua la Desemba linapiga wapi na ardhi yake inaanzia wapi. Swali la kwanza hujibiwa haraka. La pili wakati mwingine huchukua alasiri nzima, na yeye hungoja.

"Mutu mwenye analala pale anajua kuliko bati," anasema.

Masale ya Biharwe aliyarudisha Nakivale juu ya baiskeli. Aliyatupa juu ya bati, kama kawaida, yakakaa huko zaidi ya wiki, yakashuka yakiwa magumu. Sasa yamechipua ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia, kando ya njia inayokwenda nyumbani kwake. Ameyapanga kwa makusudi yasikae kwa mstari.

Mpango wake ni kukodi kipande kidogo kando ya barabara ya Masaka, pale Biharwe, awe na kitalu chake, karibu na wateja na mbali na nauli. Ameshaanza kuweka akiba, na mwenyekiti yule yule amemwambia kwamba siku atakayopata mwenye ardhi wa kumkodisha, aje naye ofisini. Mukandoli anasema masale haya hatayauza. Anayatunzia kitalu hicho.

"Nitaipanda kwa kamba, kwa mustari," anasema, akigeuza kopo moja ili upande uliopata jua upate kivuli. "Lakini mbele ya kupanda nitaita jirani. Hapa Nakivale naweza kuipanda fasi yoyote, hakuna mutu atagombana na miye, sababu hakuna kitu ni yangu. Nataka jirani wa kuniambia: mama, simama hapo, hapa ni kwangu."