Maziwa Sikioni

Sikio langu la kushoto lilianza kuwasha mvua iliponyesha mfululizo hapa Ndhiwa, nami nikawa nalikuna kwa kibanio cha nywele. Lilipoanza kutoa maji na kuuma hadi nikashindwa kutafuna, nilinunua matone kwenye duka la dawa. Hali ikazidi, sikio likaziba nikawa sisikii vizuri. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajiambia, nikarudi sokoni kwenye mitumba yangu. Wateja walinipigia kelele utadhani nimekuwa mjinga, si kiziwi.

Mimi ni mjane, Mkuria niliyeletwa huku na biashara. Watoto wangu wako mbali na simu zao ni fupi. Jirani niliyepakana naye kwa ukuta wa mabati alikuwa mama kijana anayenyonyesha. Jioni moja alinikuta mlangoni nimeshika kichwa. Akaingia, akaketi kwenye mkeka wangu, akapiga paja lake.

"Lala hapa, Mama," akasema. "Kwetu maskio ikiuma inawekwa maziwa ya mtoto."

Akakamua. Matone yaliingia yakiwa vuguvugu, na mkono wake wa pili ukabaki shavuni pangu. Tangu tumzike mume wangu, hakuna mtu aliyekuwa amenishika uso. Nililia kidogo, naye akadhani ni maumivu. Akawa anakuja kila jioni. Sikio lilizidi kuoza, nami nilizidi kuingoja jioni.

Shavu lilipovimba ndipo nikaenda hospitali, Homa Bay. Daktari, kijana mwenye ulimi mkali, aliingiza mrija mwembamba wa mashine ya kunyonya, ukatoa utando mweupe wenye vidoadoa vyeusi, kama ugali uliolala ukaota ukungu. Akasema ni fangasi, na ile dawa ya dukani ilikuwa ya kuua bakteria. Fangasi haiijali kabisa. Akauliza nimetia nini kingine. Nilipotaja maziwa alicheka, halafu akakasirika. Nilikuwa naulisha ugonjwa, akasema, na ningeendelea hivyo ningelipoteza sikio. Maji yasiingie tena. Nikioga nizibe kwa pamba iliyopakwa mafuta ya kujipaka. Nitiwe matone mapya asubuhi na jioni, nikiwa nimelala ubavu, na nirudi kusafishwa.

"Uko na mtu wa kukuwekea?" akauliza.

Nikasema yuko. Njia nzima niliogopa kwamba atakataa, maana sasa maziwa yake hayatakiwi.

Hakukataa. Aliona aibu, akaniomba msamaha mara nyingi kuliko nilivyotaka, kisha akachukua chupa na kupiga paja lake vilevile. Maumivu yalikwisha mapema. Sikumwambia hilo upesi.

Siku daktari alipomulika sikio na kusema limekauka, limepona, nilimkuta jirani anaanika nguo, mtoto mgongoni. Nilitamani kumwambia bado linawasha. Nikamwambia ukweli.

"Imepoa? Nyasaye ni mwema, Mama," akasema, akimtaja Mungu kwa lugha yao, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Jioni ile hakuja. Angekuja kufanya nini? Nililala ubavu kwenye mkeka, sikio la kushoto likiwa juu, nikasikia kila kitu kupitia mabati: mwiko kwenye sufuria, mtoto akicheka, yeye akimwimbia. Chupa ilikuwa imebaki na dawa kidogo. Niliiweka dirishani, mahali anapoweza kuiona akipita.