Nyumba ya Qantab Iliyogeuzwa Jabali

Jua linachungulia juu ya majabali ya Qantab, pwani ya Maskati, na Roland Peverell yumo katika ugomvi na karatasi. Anailowesha, anainama, anapaka buluu kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Na kweli anafukuzwa: ikifika saa mbili, joto la Maskati litaikausha rangi kabla brashi haijageuka.

"Kwetu Uingereza rangi ya maji hukungoja," anasema mchoraji huyu wa miaka sitini na minane. "Hapa haina adabu hiyo."

Kiswahili alikipata Unguja, alikofundisha uchoraji ujanani. Baadaye alihamia Oman, akapanga chumba mtaa wa Wadi Kabir, juu ya gereji. Mambo yakiwa mazuri, huuza picha mbili kwa mwezi. Yakiwa mabaya, huzitazama mwenyewe.

Lakini kinachomtesa si soko. Ni nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Khole, mjane wa ukoo uliorudi kutoka Zanzibar. Ilisimama peke yake mdomoni mwa bonde: kuta nyeupe, dishi la televisheni, tangi la maji la rangi ya waridi. Kwa miaka mingi Bi Khole alimletea Peverell kahawa na halua. Peverell alikunywa, akashukuru kwa heshima zote, kisha akaichora pwani nzima bila nyumba.

"Niliona inaharibu mandhari," anakiri, macho chini. "Lile tangi hasa. Mahali pake nikapaka jabali."

Mwaka juzi mafuriko yalishuka bondeni yakaibeba nyumba pamoja na albamu zake za picha. Watu walisalimika. Bi Khole sasa anaishi kwa mwanawe, mtaa wa Ansab, dirisha lake likitazamana na ukuta wa jirani. Simu za wajukuu zimejaa nyuso na masinia ya biriani. Nyumba yenyewe haimo.

Ndipo alipomkumbuka mchoraji wake. Akapanda ngazi za Wadi Kabir na kaka yake, Musallam, akafunuliwa picha zaidi ya arobaini.

"Mbuzi wa Yazid wa kijijini huyu hapa," alisema Bi Khole. "Nyumba yangu iko wapi?"

Peverell alimnyooshea kidole jabali.

"Kahawa yangu ulikunywa, bwana we! Mbuzi umemuona, mie hukuniona?"

"Wallahi, mbuzi kapendeza lakini," Musallam alichombeza.

Kosa hilo halifutiki. Katika rangi za maji, weupe haupakwi. Ni karatasi iliyoachwa wazi tangu mwanzo. Peverell alijaribu kubandika rangi nzito nyeupe juu ya jabali. Bi Khole aliikagua kazi hiyo kwa muda mrefu.

"Hii bendeji," akasema.

Ijumaa hii mchoraji atawaleta ndugu hao Qantab, awaketishe penye msingi uliobaki, achore wanavyomwelekeza. Tayari wameshagombana. Musallam anasema madirisha ya mbele yalikuwa mawili. Dada yake anasema matatu, na kwamba Musallam hakuwahi kulifuta vumbi hata moja.

Peverell anaogopa kukosea tena. Alimwambia hivyo Bi Khole kwa simu.

"Ukikosea ntakwambia," alijibiwa. "Ukipatia, utaniona nimenyamaza."

Kwa wanaomjua Bi Khole, huo ni ukimya ambao haujapata kutokea. Peverell anasema ukimya huo ndio sifa pekee anayoiomba, kisha anafunga kisanduku chake cha rangi.